Neno la Kumwita Mtani Wangu

Shughuli nzima ilinigharimu nazi ishirini na nne, jogoo mmoja mwekundu aliyekuwa bado na umri wa kuwika, sauti yangu kwa siku mbili, na neno moja. Nazi nimezihesabu mara mbili, na mara zote mbili zilikuwa zile zile, kwa hiyo hapo sitaki ubishi. Jogoo ni mmoja tu hata ukimhesabu mpaka kesho. Sauti ilirudi yenyewe. Neno ndilo lililokuwa ghali, na mpaka leo sijapata la kuweka mahali pake.

Mimi ni muuza nazi, katika soko dogo la mtaa huku Makorora, Tanga mjini. Nilipoikodi meza yangu nililalamikia jua la mchana, nikalilalamikia tena, mpaka mwenyewe akanipunguzia bei ili ninyamaze. Kivuli cha asubuhi, saa ambazo wanawake hasa ndio wanakuja kununua nazi, sikukitaja. Wala yeye hakuuliza.

Mbele yangu, ukivuka kijia ambacho mkokoteni mmoja ukipita wa pili unangoja, ndipo anapokaa mtani wangu. Yeye anauza machungwa ya kwao Muheza. Mimi Mdigo, yeye Mbondei, na kwa mtu wa Tanga nikishasema hivyo nimemaliza. Kwa wasiokuwa wa huku nitaongeza kidogo. Yako makabila ambayo wazee wao, baada ya kupigana sana au kuoana sana, au vyote viwili, walikubaliana kwamba watoto wao watatukanana na hakuna atakayekasirika. Huo ndio utani. Mtani wako ana ruhusa ya kukwambia usoni yale ambayo wengine wanayanong'ona ukishapita. Anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo, na wewe ukaikomboa kwa soda. Kwenye msiba wenu ana kazi maalumu, na hiyo nitaifikia. Kosa pekee katika utani ni kununa.

Basi asubuhi zetu zilikuwa hivi, kwa miaka zaidi ya ishirini:

"Umeamka, Mdigo? Nilidhani leo ndiyo siku yenu ya kulala. Au ilikuwa jana na juzi?"

"Nimeamshwa na harufu ya machungwa yako. Watu wa nyumba ya pili wanauliza mnazika saa ngapi."

"Lete nazi hapa, mtumwa wangu wewe, kabla sijakuuza."

"Utaniuza kwa nani? Mimi ndiye niliyekununua, tena nilipunjwa!"

Neno hilo la mtumwa ndilo ninalolisema. Tulikuwa tunaitana hivyo wote wawili, kila mmoja akidai ndiye bwana na mwenzake ndiye mali, kama mama zetu walivyoitana kabla yetu. Halikuwa na uzito wowote kwetu. Lilikuwa kama kugonga mlango kabla ya kuingia.

Na msidhani yale matusi yalikuwa mchezo mtupu. Yalikuwa na kazi. Kila Ijumaa tulikuwa tunabadilishana, nazi kwa machungwa. Nikimwambia machungwa yake yamekauka kama kisigino cha shangazi yake, anajua nataka sita kwa nazi moja. Akinijibu kwamba nazi zangu zina maji kuliko pwani nzima ya Ushongo, najua atanipa manne. Tukishafika kwenye meno ya babu yangu, tumeshaafikiana matano. Hatukuwahi kutaja hesabu kwa midomo yetu hata siku moja, na hakuna aliyewahi kupunjika. Nilikuwa nayahesabu nyumbani.

Hata serikali yetu ya soko ilikuwa inaendeshwa kwa njia hiyo. Mwenyekiti wetu ni Mzigua, na Wazigua nao ni watani zetu. Bomba la maji la upande wa samaki lilitengenezwa kwa utani. Taa ya langoni iliwashwa kwa utani. Mambo ambayo ukimwambia mwenyekiti kwa sura ya kawaida anakunja uso na kukuuliza umetumwa na nani, mtani wangu alikuwa anampigia kelele kutoka mezani na watu wote wakacheka, na yeye akalazimika kucheka, na mtu akishacheka mbele za watu hawezi kusema hakusikia. Wakati huo suala lililokuwa mezani lilikuwa mlango wa choo cha wanawake. Mlango ule ulianza kwa kuning'inia kwa bawaba moja, kisha ukaanguka, kisha ukatoweka. Tukawa tunakwenda wawili wawili, mmoja anaingia, mwenzake anasimama nje ameshika kanga kama pazia.

"Mwenyekiti!" mtani wangu alikuwa akisema kila akimwona anapita. "Mzigua wewe, kwenu Handeni mnajenga vyoo vya kuangalia mandhari?"

"Wiki ijayo, mama machungwa. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya mwaka gani?"

Bunge letu lilikuwa hilo. Na mlango ulikuwa karibu kupatikana, mimi nilikuwa nauona unakuja, ndipo akaja katibu mpya.

Katibu ni binti mdogo, amesoma, kwao Mwera, wilaya ya Pangani. Nisimdhulumu: alikuwa na kazi nzuri mkononi. Taka zilianza kuondolewa kabla hazijapata wajukuu. Vijana wa mikokoteni walikuwa na tabia ya kuwaita wasichana wauza mchicha kwa maumbo yao, huyu nyuma, yule kifua, na wasichana wakawa wanapita njia ya mbali kwenda kuchota maji. Binti akalikomesha jambo lile kwa siku moja, kwa kuwasimamisha vijana mbele ya soko na kuwauliza, mmoja mmoja, kama wangependa dada zao waitwe hivyo. Tulimpigia vigelegele. Mtani wangu ndiye aliyepiga cha mwisho na kirefu kuliko vyote.

Haikupita wiki tukaitwa mkutanoni.

"Kuanzia leo," alisema katibu, akisimama juu ya kreti la soda ili aonekane, "hakuna kumtaja mtu kwa kabila lake, umbo lake, wala asili yake. Tutumie lugha ya staha. Atakayevunja atafagia soko zima jioni."

"Na kama umbo lenyewe linajitaja?" aliuliza mtani wangu, akajipiga nyonga. Kicheko kikazunguka mpaka kwa wauza dagaa. Katibu naye alicheka, lakini hakuteremka kutoka kwenye kreti.

Mwenyekiti akasimama. "Mimi naunga mkono mia kwa mia," akasema. "Tumezidi matusi. Na yale mambo ya choo nayo yaletwe kwa staha."

Nilimtazama. Nikamtazama tena mara ya pili. Sura ile naijua: ni ya mfanyabiashara anayesikia bei imepanda na mzigo wa jana uko ghalani.

Hapo ndipo adabu ilipoanza.

"Asalaam aleikum, jirani."

"Waaleikum salaam, jirani. Umeamkaje?"

"Alhamdulillahi. Wewe je?"

"Alhamdulillahi."

Basi, ikaishia hapo. Kijia kile cha mkokoteni kikawa kipana kama barabara ya Segera. Ijumaa ilipofika nilivuka na nazi zangu, nikasimama mbele ya machungwa yake kama mtu aliyekuja kuposa.

"Machungwa mangapi kwa nazi moja, jirani?"

"Utakavyoona inafaa, jirani."

"Hapana, mali ni yako. Sema wewe."

"Siwezi kukusemea, jirani. Tafadhali."

"Tafadhali wewe."

Tukabembelezana pale mpaka mteja akaja akanunua nusu ya tenga. Mwisho wa staha hiyo nilirudi mezani kwangu na machungwa mawili kwa kila nazi, kwa sababu niliona haya kuomba la tatu. Mimi! Hasara ile sikuihesabu mara mbili. Hata mara moja sikumaliza.

Kuhusu choo, tulimfuata mwenyekiti wanawake watatu, tukamwambia kwa heshima na taadhima kwamba tungefurahi sana endapo angepata nafasi ya kutuangalizia lile suala. Alitushukuru kwa lugha yetu nzuri. Akasema suala limepokelewa. Nadhani alilipokea akaenda kulilalia.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini asubuhi moja, nikiwa napanga nazi, nikasikia kutoka ng'ambo:

"Shikamoo."

Nikageuka kumtafuta mzee aliyekuwa akiamkiwa. Hakukuwa na mzee. Mtani wangu alikuwa ananitazama mimi. Na yeye ndiye mkubwa, amenizidi miaka miwili, na kila mwaka huwa ananikumbusha.

"Shikamoo ya nani?"

"Yako, jirani. Si ndiyo staha?"

Nilitafuta kicheko machoni mwake, sikukiona. Nikaelewa. Kwetu sisi mtani akianza kukupa adabu, ujue mmegombana. Zamani ukoo mzima ulikuwa unatuma watu kuuliza kumetokea nini. Yeye aliona nimeikubali ile sheria upesi mno. Kweli sikuwa nimeipinga, nilikaa nikipiga hesabu za kufagia. Yeye alikuwa akingoja siku zote hizo nivunje kwanza, mimi nilikuwa nangoja avunje yeye, na katikati yetu ikakua staha kama nyasi mbele ya nyumba isiyo na mtu.

Nikaenda kwa katibu. Ofisi yake ni chumba kimoja cha tofali kilicho upande wetu, dirisha lake linatazama meza zetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kulalamika, na nakwambia mapema kwamba nina bei yangu ya mwisho."

Akacheka, akanivutia kiti. "Haya, taja."

"Nirudishie Mdigo na Mbondei."

"Hapana, mama. Leo utasema wewe kwa mapenzi, kesho atasema mwingine kwa chuki, na mimi nitawatofautisha vipi?"

"Kwa sura. Mwenye chuki hatoi machungwa."

Akafikiri. "Tuyaweke hayo pembeni. Endelea."

"Mvivu?"

"Chukua."

"Mchoyo, mlafi, mwenye nyonga za kujitaja?"

"Nyonga hapana. Nikiruhusu nyonga, vijana wa mikokoteni watarudi kesho asubuhi."

"Kisigino cha shangazi?"

"Shangazi yupo hapa sokoni?"

"Marehemu."

"Basi chukua."

Nikaona biashara inakwenda vizuri, nikaweka mezani mzigo wenyewe. "Na mtumwa wangu."

Akaacha kucheka. Hakukasirika, ingekuwa hasira ningejua pa kuipitia.

"Hilo siwezi kukupunguzia, mama."

"Mwanangu, hilo ni letu wawili. Mimi namwita, yeye ananiita, hakuna aliyeumia."

"Sokoni hamko wawili, mama."

Akalipangusa dawati lisilo na vumbi. Kisha akaniambia kwamba mama yake bibi yake, kule Pangani, aliitwa hivyo bila utani. Alikuwa anaitwa hivyo na wenye nyumba mpaka uzeeni, na alipokufa wakaendelea kumwita hivyo bibi yake, kisimani, ingawa bibi alizaliwa siku ambazo hakuna tena aliyekuwa mali ya mtu. Bibi huyo akilisikia neno lile, hata redioni, alikuwa anaacha anachofanya anakwenda kufunga dirisha.

"Na mimi," akasema, "nilipokuwa nikiwasikia asubuhi mnacheka, nilijua mnacheka tu. Lakini nilikuwa nafunga dirisha."

Dirisha lile nilikuwa nimeliona likifungwa kila asubuhi, nikadhani anakinga jua. Jua la asubuhi haliko upande ule. Kama kuna mtu katika soko zima aliyepaswa kulijua hilo, ni mimi, niliyepunguziwa bei kwa ajili yake.

"Neno hilo kwangu limekwisha, mwanangu," nikamwambia.

"Ahsante, mama."

"Na kabila?"

"Kabila tutazungumza."

Nikatoka bila kuongeza. Ni mara chache naondoka mezani pa mtu bila kuongeza.

Nilitaka kumsimulia mtani wangu, lakini utamsimuliaje mtu anayekupa shikamoo? Nikasema nitangoja Ijumaa. Ijumaa hakuja. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri, kijijini kwao, nje kidogo ya Muheza.

Mama yule tulimjua sote. Alikuwa mkongwe, mwembamba kama mpini, na kila alipomtembelea bintiye alikuwa anapita kwanza kwangu. Anachukua nazi, anaitikisa sikioni, anaikataa. Anachukua ya pili, anaitikisa, anaikataa kwa masikitiko. Anachukua ya tatu, anainusa kabisa, anaitukana pamoja na mnazi wake. Kisha anarudi kuchukua ile ya kwanza, kwa bei ya ile ya tatu. Yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kunishinda, na alikuwa ananishinda kila alipokuja.

Tukaenda kuzika, watu wa soko, kwa gari moja la kukodi: mwenyekiti, katibu, na sisi wengine. Nilibeba nazi kumi na mbili. Na mimi, kwa sababu adabu ilikuwa imeshaniingia mwilini kama homa, nilimfuata mtani wangu alipokaa jamvini, nikampa mikono miwili nikasema, "Pole sana, jirani. Mungu amlaze mahali pema."

Alinitazama, macho mekundu. "Ahsante, jirani," akasema. "Kaa pale na wageni."

Nikakaa na wageni. Punde bibi mmoja wa upande wa mama yake akaangaza macho uani akauliza kwa sauti, "Hivi watani hawakuja?"

"Hawakuja," akasema mtani wangu. Na mimi nilikuwa karibu yake kiasi cha kusikia pumzi.

Sijui kama mnaelewa lilivyo kubwa jambo hilo. Mtani msibani ana kazi. Waliofiwa wana ruhusa ya kulia tu. Kucheka lazima waletewe na mtu. Mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anasema kama marehemu, anakaa juu ya kitu cha marehemu akakataa kuinuka mpaka apewe chochote. Watu wanamwona mpendwa wao amepita uani kwa mara ya mwisho, na chai inaanza kupita kooni. Mtu akizikwa na watani wasimcheze, kwao ni kama ameondoka hakuagwa. Na mama yule aliyenishinda maisha yangu yote alikuwa amezikwa, na mtani wake amekaa na wageni ameshika mkoba mapajani.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda ofisini kwa katibu, nikabaki mlangoni.

"Keshokutwa wanaanua matanga. Nitavunja sheria yako. Nje ya soko, lakini nitaivunja yote, na kabila, na nyonga. Njoo uone kwanza, halafu unipe fagio."

"Yote, mama?"

"Lile moja halimo," nikasema.

Siku ya tatu baada ya mazishi nikarudi Muheza na nazi nyingine kumi na mbili, na jogoo, nisije nikaonekana nimefuata pilau. Katibu alikuja. Mwenyekiti naye alikuja. Yeye pilau ndiyo aliyoifuata. Dua ikasomwa, ikaisha, watu wakaanza kunawa. Mimi nikapenya chumbani kwa marehemu. Nikajifunga kanga yake moja kiunoni na ya pili kichwani, nikachukua mkongojo wake, nikachukua na kibao chake cha mbuzi, kile alichokuwa akikikalia kukuna nazi, nikakitia kwapani. Nikapinda mgongo, nikatoka uani.

Mikono ikasimama juu ya sahani. Nikasema moyoni, hapa ama nimefika ama nimekwisha.

Nikachukua nazi moja katika zile nilizoleta. Nikaitikisa sikioni. Nikaikataa. Nikachukua ya pili, nikaikataa kwa masikitiko. Kutoka jamvini nikasikia mwanamke mmoja amekata pumzi: "Mwee! Mama huyo!" Nikaichukua ya tatu, nikajikongoja nayo mpaka walipokaa wanaume, nikaitikisa sikioni mwa mwenyekiti.

"Sikia. Maji matupu," nikasema kwa sauti ya marehemu, sauti ya kukwaruza. "Nilidhani ni nazi, kumbe kichwa cha Mzigua."

Uani kukapasuka kicheko. Nikageuka kwa mtani wangu, ambaye alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Na wewe Mbondei, binti yangu mwenye nyonga, unalia nini? Unanililia mimi au unalilia kibao? Kibao sikupi. Wewe nazi unakuna kama unasugua masufuria."

Mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua bado ni kilio au kicheko.

"Msilie," nikawaambia wote. "Huko nilikokwenda nimefika salama. Kuzuri. Choo kina mlango."

Hapo hata ustadhi aliyesoma dua alitazama miguu yake kwa muda mrefu, ndevu zikimcheza. Mwenyekiti akanyanyua mikono miwili yenye wali. "Mama, wiki ijayo! Haki ya Mungu, wiki ijayo!"

"Wiki ijayo ya mwaka gani?" nikamuuliza. "Mimi sasa nina muda, nitangoja."

Ndipo mtani wangu akainuka. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, uso umelowa wote, akanijia mkono mbele. "Mwivi mkubwa! Mdigo wewe! Vua kanga ya mama yangu!"

Jibu lake nilikuwa nalo tangu utotoni. Mama yangu aliwahi kulisema katika uwanja ule ule. Sivui, mtumwa wangu. Likapanda lenyewe, likafika kwenye meno. Na kwa pembe ya jicho nikamwona katibu, amekaa ukingoni mwa jamvi na sahani yake, alikuwa akicheka mpaka amejishika ubavu. Nikaona kicheko kile kimesimama, kinangoja.

Nikalimeza. Ni vigumu kulimeza neno ambalo limeshafika pale.

"Sivui," nikasema. "Sivui ng'o... Mbondei wewe."

Lilikuwa jibu chapwa, kama mchuzi uliosahauliwa chumvi. Lakini watu walikuwa wakipiga vigelegele, hawakuona. Waliona wawili tu. Mmoja aliinamisha kichwa kidogo akaendelea kula. Wa pili alikodoa macho. Kisha akanikumbatia pamoja na kanga, mkongojo na kibao, akanililia shingoni mpaka nikalowa.

Sauti ilinikauka siku mbili. Jogoo wakamla jioni ile ile.

Mlango wa choo uliwekwa kabla ya wiki kwisha, mpya, wa rangi ya kijani. Una kitasa, na ufunguo anao mwenyekiti, lakini hilo tumeliweka akiba. Katibu akaitisha mkutano, akapanda kreti lake. Sheria ya wasichana wa mchicha ilibaki kama ilivyo. Watani wakaruhusiwa kutaniana kwa makabila yao, wote wawili wakiwa radhi, na mpita njia asiingizwe. Alitaja pia lile neno moja kwamba halimo, na hakusema sababu. Sababu nilishamwambia mtani wangu mwenyewe, tukiwa tumekaa juu ya matenga yake.

"Ningejua ningesema polepole," akasema.

"Hata polepole."

"Haya. Halisemwi." Akamenya chungwa, akanipa nusu, jambo ambalo halijawahi kutokea bila nazi. "Lakini sikia, Mdigo. Siku ya mama yangu, mbele ya watu wote, umeniita Mbondei. Wabondei tumejaa mpaka Korogwe. Mimi nilikuwa na neno langu peke yangu, na umelimeza. Sawa, umefanya vizuri. Sasa nataka lingine, langu mimi. Mpaka ulipate, kibao cha mama sikikomboi."

Yeye langu keshalipata, halikumchukua hata usiku mmoja. Asubuhi yake, soko zima likisikia: "Umeamka, Marehemu? Huko kwenu leo nazi bei gani?" Na mpaka wauza dagaa sasa wananiita Marehemu.

Mimi nimejaribu. Nilimwita Mheshimiwa, akaniuliza nimemshuku ameiba mlango gani. Nilimwita Kisigino, akasema hilo ni la shangazi yake, lina mwenyewe. Siku moja, kwa kuwa nimeshakuwa mama yake, nilimwita Mwanangu. Hilo lilimliza mpaka akashindwa kuuza, nikamuuzia mimi machungwa hadi adhuhuri, silirudii.

Kibao kiko kwangu, kando ya mlango wa jikoni. Kukitumia siwezi, kwa sababu kitu cha rehani hakitumiwi. Kukirudisha bure siwezi, kwa sababu ningemdhalilisha mama yake na hesabu zangu. Kila alfajiri kinanigonga muundi, na kila alfajiri namkumbuka yule kikongwe, kwamba hata kaburini ananishinda.

Kwa hiyo naomba ushauri, ndugu msomaji, na sikuombi bure. Nitafutie neno. Liwe kali, limfae yeye tu, limchekeshe asubuhi kabla hajafungua matenga, na likivuka kijia likaingia kwa katibu, yule binti aendelee na kazi yake. Siku hizi dirisha lake liko wazi. Njoo nalo mezani kwangu, upande wa kivuli. Neno zuri nalilipa nazi mbili, ambalo halijajaribiwa nazi moja. Basi niambie: nimwiteje?